Chai si Utamaduni

Kazi iliingia saa nne usiku, wakati ambao kazi zangu nyingi huingia, kwa sababu huko zinakotoka bado ni mchana. Mteja alitaka maneno 1,200 kuhusu kikundi cha watu wa kujitolea huko Marekani ambao msimu wa maonyesho ukifika huvaa magunia na vilemba, hujipaka matope na kuigiza wakulima maskini wa Uingereza ya enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Hawalipwi. Nguo wanajinunulia, mafuta ya gari wanajiwekea. Wikendi nzima wanakanda mkate, wanafua kwenye beseni la mbao, wanagombania kuku mbele ya watu waliolipa tiketi, halafu Jumatatu wanarudi ofisini.

Nilicheka peke yangu mpaka Kogo akagonga ukuta kuuliza kama niko sawa. Kogo ni nyanya yangu. Chumba changu na chake vinatenganishwa na mbao na matumaini.

Nilicheka kwa sababu kesho yake asubuhi nilikuwa na mazoezi. Mimi pia huvaa ngozi ya mbuzi bila malipo na kujifanya mtu aliyekufa zamani. Mteja wangu alikuwa amemwagiza mtu wa Kapkatet, barabara ya kati ya Litein na Sotik, amweleze kwa nini mtu mzima anaweza kufanya kitu kama hicho, na hakujua amemwagiza nani.

Mbogi yetu ina watu kumi na tisa tukiwa wote, na huwa hatuko wote. Kuna mwalimu mstaafu tunayemwita Mwalimu tu, waendesha boda watatu, fundi cherehani, kina mama saba, na vijana waliorudi nyumbani na shahada zao au, kama mimi, bila. Mimi nilifika mwaka wa pili. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, tukaambiwa twende nyumbani kwa muda. Vilipofunguliwa, nilikuwa bado nadaiwa karo ya muhula uliotangulia, na tayari nilikuwa nimezoea kuwaandikia watu wa mbali makala kuhusu paka wao na bima zao. Sikuwahi kutangaza kwamba nimeacha chuo. Nilichelewa tu kurudi, na mpaka leo nimechelewa.

Mwalimu alinikuta sokoni saa tano asubuhi, siku ya kazi, akaniangalia vile wazee huangalia kijana asiye na pahali pa kuwa.

"Kijana, una sauti?"

"Sina, Mwalimu."

"Miguu unayo?"

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Ngozi za kweli tunazo sita. Zikinyeshewa zinanuka mbuzi mzima, na upande huu mvua haikosi alasiri. Zilizobaki ni kitambaa cha hudhurungi kilichokatwa pembeni ovyo ovyo ili kifanane na ngozi ukiwa mbali, na sisi huomba Mungu watu wakae mbali. Mzee wa heshima zamani alivaa joho la manyoya, sambut. Ukitaka kulitengeneza leo kwa ngozi ya mbega utajieleza mahakamani, maana sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mzaha. Kwa hivyo sambut ya Mwalimu ni blanketi la nailoni lililonunuliwa Litein. Lilikuwa na picha ya simba, fundi akaigeuzia ndani. Upepo ukivuma, simba anachungulia.

Msimu wetu unafuata kalenda mbili, ya serikali na ya majani chai. Julai ni maonyesho ya kilimo Nakuru, tukipata nauli. Agosti ni tamasha za muziki za shule, Mwalimu anazunguka kufundisha watoto kuruka bila kuangalia miguu yao. Oktoba ndio mwezi wenyewe. Tarehe 20 kuna Mashujaa, na 2023 sherehe ya kitaifa ilifanyika Kericho mjini; tulienda, tukakaa kwenye umati kama kila mtu. Halafu kuna tarehe 10. Niliijua kama Siku ya Moi, ikaja kuitwa Siku ya Utamaduni, nasi tukadhani hatimaye tumepata siku yetu. Mwaka wa 2024 ikageuzwa kuwa Siku ya Mazingira. Mwaka huo tuliitwa kama kawaida, tukaenda na ngozi zetu, tukapewa miche. Kuna picha yangu mahali kwenye simu ya mtu, nimevaa kama askari wa karne ya kumi na tisa, nimeshika jembe, napanda mti nikiwa na viatu vya raba.

Oktoba pia bonasi ya chai huingia, kwa hivyo Novemba na Desemba ni harusi. Harusini tunakula vizuri. Kwenye hafla za wakubwa tunapata soda, mkate, na nauli ambayo hutumwa kwa simu ya mtu mmoja na kuwafikia wengine ikiwa imechoka.

Sasa, kwa nini? Mteja aliuliza swali hilo hilo. Nilisoma nilichopata. Maonyesho ya kwanza ya aina ile yalifanyika 1963 karibu na Los Angeles, yakianzishwa na mwalimu mmoja, Phyllis Patterson, na mumewe Ron, kuchangishia stesheni ya redio pesa. Yakaenea nchi nzima, vikundi vikagawana kazi: wengine mabwana, wengine askari, wengine wale wa matope. Hiyo ilikuwa rahisi kuandika. Lakini sababu sikuipata kwenye kurasa zile, nikaandika ya kwangu. Niliandika kwamba mtu ambaye wiki nzima ni namba kwenye orodha ya mtu mwingine hupenda kuwa na kijiji, hata cha uongo, ambapo watu kumi na wanane watajua kama hakuja. Mteja aliandika pembeni kwamba sehemu ile ndiyo bora. Hakujua kwamba sikuwa nimezungumza na Mmarekani yeyote. Alinilipa, na pesa hiyo ilikuwa zaidi ya yote niliyowahi kupata nikiwa ndani ya ngozi.

Kitu kimoja sikukiweka kwenye makala yake. Huko huko California, 1965, miaka miwili tu baada ya maonyesho yale ya kwanza, wachumaji zabibu wa Delano waligoma wakidai malipo bora. Wale walikuwa wakulima maskini wa kweli, walio hai, mwendo wa saa chache kwa gari. Sijaona popote ambapo watu wananunua tiketi wakapaka matope na kujifanya wao. Maskini wa kuigizwa lazima awe amekufa miaka mia nne. Nilipoiandika sentensi hiyo niliifuta, kwa sababu ilikuwa inanitazama mimi.

Onyesho letu huanza hivi. Mwalimu anashika maikrofoni, anasema, "Chamgei!" Umati unajibu. Anasema, "Karibuni kwenye mwaka wa 1890." Kisha tunaingia. Kuna wachungaji, kuna msichana anayechota maji, kuna vijana wa mikuki (mimi hapo), kuna mzee anayebariki, na kina mama wanaopitisha kibuyu cha mursik ambacho kwa kawaida ni tupu. Kila kitu kiko sawa katika mwaka wa 1890. Ng'ombe ni wengi. Hakuna anayedaiwa.

Na nyuma ya jukwaa, popote tunapocheza katika kaunti hii na ile ya jirani, kuna chai. Imekatwa sawasawa kama kichwa cha mtoto wa shule, kijani kinachoumiza macho, hadi mwisho wa kilima na kilima kinachofuata. Mashamba makubwa ya chai yalianza Kericho miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo watu walikuwa wakiishi. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuuhamisha ukoo mmoja, Talai, ukapelekwa Gwassi huko karibu na Ziwa Victoria. Baada ya uhuru mkulima mdogo naye akapata nafasi yake ya kupanda, na leo mtu wa Kapkatet asiye na vichaka kadhaa vya chai ana shangazi mwenye navyo. Maisha yetu yote yamo mle: karo zilizolipwa, karo ambazo hazikulipwa. Lakini sisi tukiigiza sisi, tunaigiza kila kitu isipokuwa hicho.

Wimbo wetu wa kufunga ni Chemirocha. Kama umewahi kusikia jina la Kapkatet nje ya Bonde la Ufa, huenda ni kwa sababu ya wimbo huo. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine za kurekodi, alifika hapa akarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba na kinubi. Rekodi hiyo imezunguka dunia, na zaidi ya miaka 60 baadaye nakala zake zikarudishwa huku. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, Mmarekani wa Mississippi aliyefanya kazi ya reli na kuimba kwa gitaa, akafa 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika huku kabla ya Tracey, jina likapita kwenye ulimi wetu likatoka hivyo. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana wale walimsawiri kama kiumbe nusu mtu nusu swala, wakimwita aje acheze nao mpaka nguo zimtoke.

Mwalimu anaupenda wimbo na unamtesa. Akiutambulisha, anazungumza juu ya nusu swala. Gramafoni haitaji. Siku moja nilimwambia, "Mwalimu, lakini hii ni ya 1950, na ni kuhusu Mzungu." Akanijibu, "Unapoimba, ni ya 1890." Nilielewa. Ukiruhusu santuri moja kuingia, hujui nini kitaingia nyuma yake.

Rekodi ile nilimchezea Kogo kwa simu jioni moja, umeme umepotea, mvua ikipiga mabati. Alikuwa mtoto mdogo iliporekodiwa. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono kwenye sikio.

"Huyu anaimba vizuri," alisema. "Ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia jina lililoandikwa kwenye rekodi: Chemutoi Ketienya. Akafikiria kwa muda mrefu.

"Chemutoi ni wengi," akasema. Halafu akaniambia niirudie.

Kogo alikuwa amekuja kututazama mara moja, uwanjani hapa Kapkatet. Alikaa mbele, kwenye kiti cha plastiki tulichomwombea. Nilicheza vizuri siku hiyo, naweza kusema. Nikiwa njiani kumrudisha nyumbani nilimuuliza ameonaje.

"Mnaigiza nani?"

"Wazee wa zamani, Kogo. Watu wenu."

"Hao sikuwakuta," alisema. "Mimi nilikuta chai."

Hakuwa na uchungu. Ilikuwa taarifa tu, kama kusema alikuta mto. Kogo alichuna chai ya watu tangu akiwa msichana mpaka magoti yalipokataa. Aliishi kambi ya wafanyakazi, chumba kimoja, watoto watano. Kikapu chake bado kiko, kinahifadhi mahindi ya mbegu. Anajua kilo kwa mgongo. Ukimpa mtoto ambebe atakuambia ana ngapi. Mikono yake, akiwa amekaa bila kazi, vidole vinatembea peke yake, dole gumba juu ya shahada: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Hilo silitungi. Ukikaa na wazee wengi wa huku utaliona.

Kwa hivyo nilipomaliza makala ya Mmarekani nilikuwa na wazo, na wazo la mtu aliyelipwa kwa dola ni hatari. Kwenye mazoezi ya Jumamosi nikasema: tuongeze kipande. Dakika nne. Mwanamke anaamka saa kumi na moja alfajiri, anavaa aproni ya plastiki, anabeba kikapu, anachuna, anapima, anarudi. Hiyo ndiyo zamani yetu. Nilikuwa nimeiandika kabisa, na muziki nimeupanga.

Mwalimu hata hakukasirika. "Chai si utamaduni," alisema. "Chai ni kazi."

Nilitegemea hilo. Nilikuwa na hotuba. Nilisema ng'ombe pia ni kazi. Nilisema Mei 2023 watu wa Kericho waliandamana dhidi ya mashine za kuchuna chai mpaka wakazichoma moto, na mashine hazikuisha. Siku moja mchuna chai mwenyewe atakuwa mtu wa zamani, na hapo ndipo tutakapomvalisha shanga na kumtambulisha kwa maikrofoni, wakati hawezi tena kutusikia. Nilisema maneno mazuri. Vijana wa boda walitikisa kichwa. Nikageukia kina mama, kwa sababu ni wao niliokuwa nawapigania.

Yule mkubwa wao, ambaye huchota maji katika mwaka wa 1890, alikuwa bado amevaa gambuti zake. Alikuwa ametoka shambani moja kwa moja.

"Kijana wa Kogo," aliniambia, "nimetoka huko sasa hivi. Unataka nirudi tena huko, mbele ya watu, na bila kulipwa?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akaongeza, "Hapa nikivaa zile shanga, nyapara hanijui."

Hotuba yangu haikuwa na jibu la hilo. Sijui kwa nini sikuwa nimeliona. Mimi kuchuna chai nilikuwa nachuna likizo, nikilalamika, kilo nane nikitafuta kivuli. Kwangu kikapu ni kumbukumbu, kitu cha Kogo, nyenzo ya makala. Kwao kilikuwa kimeegemezwa nje ya mlango. Nilikunja karatasi yangu, tukafanya mazoezi ya 1890, na nilifurahi kuwa na mkuki wa kushika.

Wiki chache baadaye tuliitwa kwenye hafla fulani, sitaitaja. Tuliambiwa tufike saa mbili asubuhi. Tulifika saa mbili. Mheshimiwa alitarajiwa saa nne, kisha saa sita, kisha emsii akaacha kutaja saa. Tulikaa nyuma ya hema kubwa kwenye nyasi zenye maji, tumevaa, tumepaka rangi, kumi na nne siku hiyo, njaa inauma. Ngozi zikaanza kunuka. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda, simba wake anachungulia.

Sijui nani alianza. Nadhani yule aliyesema nyapara hanijui. Alisimama kunyoosha mgongo, akachukua kapu la nguo zetu akalitundika mgongoni, akaanza kuchuna hewa. Mikono miwili, kasi ya ajabu, anatupa nyuma bila kuangalia. Mwenzake akajipanga kando yake, akamwambia ametoroka mstari wake. Wa tatu akawa nyapara, tumbo mbele, akikagua, akiokota jani lisilokuwepo na kuliuliza, "Hili ni jani au ni sukuma wiki?" Tulianza kucheka. Watoto waliokuwa wakizurura wakasogea. Waliokuwa wanapika wakaacha sufuria. Polisi mmoja aliyekuwa akilinda upande wetu akageuka kabisa, akalipa hema mgongo.

Wakafika kwenye mizani, na hapakuwa na karani. Walitazamana. Mwalimu akainuka kwenye kreti.

Alivua sambut, akaikunja vizuri, akaiweka chini. Akachomoa kalamu mfukoni mwa suruali iliyokuwa chini ya ngozi, akaipachika sikioni. Sikujua kwamba anaweza kuigiza. Miaka yote hiyo amekuwa mzee anayebariki tu. Alilitundika kapu kwenye kidole, akafinya jicho.

"Ishirini na tatu," alisema. "Toa moja ya gunia. Toa moja ya maji."

"Hakukunyesha leo, karani."

"Litanyesha. Toa moja."

"Na hii moja nyingine?"

"Hiyo ni ya kuuliza."

Mwanamke mmoja asiye wetu, aliyekuja tu kwenye hafla na leso yake na mwamvuli, alipiga kelele kutoka nyuma, "Mwambie ya juzi pia alitoa!" Wakamjia kutoka pande zote. Mwalimu alihesabu, akatoa, akaandika hewani, akakataa kutazamwa usoni, mpaka kilo zikabaki kumi na moja na watu wakawa wanashikana mabega kwa kicheko. Yule mkubwa wao, wa gambuti, hakucheza. Alisimama pembeni amefunga mikono, akitazama, na aliponiona namtazama akageuza macho.

Hakuna aliyerekodi. Mimi nilikuwa na simu ndani ya ngozi, na mkono ulifika mpaka juu yake, ukarudi.

Kisha tarumbeta zikalia upande wa mbele, emsii akatuita kwa haraka, tukakimbia tukijifunga. Mwalimu alisahau kalamu sikioni. Tulicheza 1890 kwa dakika nne, kwa sababu ratiba ilikuwa imechelewa, tukakatizwa kabla ya Chemirocha.

Tulirudi gizani kwenye gari la kukodi, mkate umeisha. Kina mama walikuwa wamelala, shanga bado shingoni, vichwa vikigongana kwenye kona. Tulipofika stendi ya Kapkatet mvua ilikuwa imeanza. Yule mkubwa aliniamsha, akaniambia nimwashie tochi ya simu atafute gambuti zake chini ya kiti, maana kesho ni siku yao ya kuchuna, na karani huja mapema.